Si "Kupigana Tu": Soma Kifungu Kabla Mwanao Hajajibu



Simu za aina hii huja usiku, mara nyingi baada ya Isha. "Mwanangu kashikwa. Walipigana tu." Moja ilitoka Shimanzi, kwa mama anayeuza chai na mahamri karibu na magodauni. Kijana wake ni kibarua, hupakua magunia kwenye malori. Jioni ile wakigawana pesa za mzigo kukatokea ubishi wa shilingi mia mbili baina yake na mwenzake. Ngumi zikarushwa, marafiki wawili wakaingia upande wa mwanawe. Yule mwingine akapasuka mdomo, na katika ile purukushani simu yake haikuonekana tena.

Mama alikuwa amefunga shilingi elfu tatu kwenye ncha ya leso. Alidhani atalipa dhamana pale kituoni, amtoe mwanawe, warudi nyumbani wakale. Tukamuuliza swali moja: kijana ameandikiwa kifungu gani? Hakujua. Alijua "kupigana".

Asubuhi kortini shtaka likasomwa: wizi wa kimabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni kifo.

Kesi ile bado iko mbele ya hakimu, kwa hivyo hatutaingia ndani zaidi. Lakini si ya kwanza, na wazee wengi wa huku kwetu wangali hawajui kwamba ugomvi mmoja, wa dakika tano, unaweza kuandikwa kwa njia nne au tano, na kila njia ina mlango wake wa kutokea, au haina kabisa. Kwa hivyo leo twataka kuzungumzia nambari. Zinachosha, twajua. Lakini heri uchoke kusoma hapa kuliko kuja kuzisikia mara ya kwanza umesimama kortini.

Kwanza tuwaondolee vijana wetu jambo moja kichwani. Wanatazama filamu za Marekani, wanasikia mashambulio ya "daraja la kwanza", sijui "daraja la pili". Kenya hakuna hiyo. Sheria yetu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, na ngazi zake ziko hivi. Ukimpiga mtu kofi au kumsukuma, bila jeraha la kuonekana, hiyo ni kifungu cha 250, shambulio la kawaida, kifungo kisichozidi mwaka 1. Ukimuumiza mwili, kifungu cha 251, hadi miaka 5. Ukimjeruhi vibaya, kifungu cha 234, na hapo umeruka kutoka miaka 5 mpaka kifungo cha maisha. Hakuna kidaraja katikati. Upande huohuo kuna cha 231, ambapo upande wa mashtaka wasema ulikusudia kabisa kumlemaza mtu au kumharibu sura, nacho pia ni hadi maisha. Na kama wasema ulitaka kumuua ikashindikana, ni kifungu cha 220, maisha vilevile. Kumshambulia polisi akiwa kazini kuna kifungu chake peke yake, cha 253, miaka 5, na vijana huongezewa hicho kwa sababu ya kusukumana wakati wa kukamatwa tu.

Sasa, nani aamuaye kama mdomo uliopasuka ni 251 au 234? Hapa ndipo watu wetu hulala usingizi. Kazi kubwa yafanywa na fomu ya P3. Polisi hujaza sehemu ya mwanzo, halafu daktari au afisa wa kliniki hujaza jeraha lilivyo, limetokana na kitu gani, lina umri gani. Mwisho hutakiwa aseme jeraha liko kiwango gani kati ya vitatu: madhara, kulemaza, au madhara mabaya. Maana ya maneno hayo yako katika kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu. Madhara ni maumivu yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu. Kulemaza ni kukiharibu kiungo au hisia kisifanye kazi tena daima: jicho, kidole, sikio. Madhara mabaya ni yale yaliyolemaza, au yaliyohatarisha maisha, au yanayoharibu afya vibaya au moja kwa moja, au yanayoacha kovu la kubadilisha sura, au yanayoumiza vibaya kiungo cha nje au cha ndani.

Neno moja la daktari, basi. Akiandika "madhara", mwanao ana kesi ya miaka 5. Akiandika "madhara mabaya", ana kesi ya maisha. Na daktari ni binadamu, ana foleni ya watu arubaini nje ya mlango wake. Tumeona P3 inayosema madhara mabaya ilhali karatasi za matibabu za siku ileile zasema mgonjwa alishonwa nyuzi mbili akarudi nyumbani. Wakili mzuri hulala na karatasi hizo mbili kitandani. Ni haki ya mshtakiwa kupewa ushahidi wote mapema kabla ya kesi kusikizwa, Katiba yasema hivyo kwenye Ibara ya 50. Iombeni P3. Iombeni na karatasi ya hospitali. Muziweke pamoja mzisome.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo latupasa kulielewa, maana watu huzimia bure. Kifungu cha 234 chasema mkosaji "anaweza" kufungwa maisha. Hiyo ni dari, si sakafu. Hakimu ana uhuru wa kutazama umri, sababu ya ugomvi, kama mmepatana, kama ni kosa la kwanza, na akatoa miaka mitatu, au kifungo cha nje. Lakini 296(2) haisemi "anaweza". Yasema "atahukumiwa kifo". Hakimu akishampata na hatia, mkono wake umefungwa.

Tukae hapo kwa 296(2), kwa sababu ndipo vijana wa kisiwani wanapoangukia.

Wizi wa kimabavu hauhitaji bunduki. Kwanza lazima kuwe na wizi, kitu kichukuliwe, na nguvu au vitisho vitumike ili kukipata au kukishikilia. Hiyo peke yake ni 296(1), miaka 14. Ili iwe 296(2) kuna milango mitatu: mshtakiwa awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja au zaidi, au awe amempiga au amemjeruhi mtu. Mahakama ya Rufaa ilishasema tangu miaka ya 90, kwenye kesi ya Johana Ndungu, kwamba mlango mmoja watosha. Si lazima yote matatu.

Rudi sasa kwenye ugomvi wetu wa godauni. Vijana watatu, basi hawako peke yao. Mdomo umepasuka, basi kuna kipigo. Na mmoja ana kulabu ya magunia kiunoni kwa sababu ndiyo kazi yake, ndiyo iliyomlisha tangu asubuhi. Kwenye karatasi, kulabu yaitwa silaha. Kimebaki kitu kimoja kukamilisha adhabu ya kifo: ile simu. Kama simu ilianguka ikaokotwa na mpita njia, hakuna wizi wao. Kama mmoja aliiokota baadaye kwa tamaa yake, huenda ni wizi wa kawaida, kifungu cha 275, miaka 3, pamoja na 251 ya kipigo. Kama walimpiga ILI waichukue, hapo ndipo penye 296(2). Tofauti ya miaka 3 na kitanzi iko kwenye nia, na nia haionekani kwa kamera. Lazima ithibitishwe na mashahidi, na kazi ya kuithibitisha ni ya upande wa mashtaka, si ya kijana kuthibitisha kinyume.

Mahakama zenyewe zimeliona tatizo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivi vya wizi wa kimabavu havikuandikwa kwa uwazi wa kutosha kumwezesha mtu kujua hasa ashtakiwa kwa lipi, ikataka virekebishwe. Mwaka 2017, tarehe 14 Desemba, Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu ikasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Watu wakashangilia, wafungwa wa wizi wa kimabavu wakaanza kurudi kortini kuomba hukumu mpya. Halafu Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua: uamuzi ule ni wa mauaji pekee. Kwa hivyo tumefika mahali pa ajabu. Aliyeua anaweza kupunguziwa na jaji, aliyepigania simu hana nafasi hiyo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ndiyo, lakini asiyenyongwa haendi nyumbani. Anakaa.

Sasa tuseme ukweli na upande wa pili, maana tukinyamaza tutaonekana twatetea uhuni. Vijana wa mapanga wapo. Watu wa Mji wa Kale wajua maana ya kutoka kwenda Fajr ukiangalia nyuma. Kina mama wameporwa mikoba mchana kweupe, vijana wa bodaboda wamekatwa mikono, na waliowakata ni watoto tunaowajua majina na majina ya mama zao. Kwa watu kama hao 296(2) iliandikwa, na hatutamwambia aliyepoteza vidole awe na huruma na karatasi ya mashtaka.

Lakini angalieni vile kuandika kifungu kikubwa kwa kila kesi kunavyomkosesha haki huyohuyo aliyekatwa. Kesi ya kifo hubeba mzigo mzito wa ushahidi. Ukimshtaki mtu kwa wizi wa kimabavu na ushahidi wako ni wa ngumi, kesi huburuta miaka miwili, mitatu, mashahidi wachoka, wengine wahamia bara, na mwisho mshtakiwa aachiliwa kabisa. Sheria ya mwenendo wa kesi, kifungu cha 179, yamruhusu hakimu kumpata mtu na kosa dogo lililothibitika hata kama hakushtakiwa nalo, lakini ni bahati kama utafika huko. Shtaka sahihi tangu siku ya kwanza lingemalizika ndani ya miezi. Kwa maoni yetu, shtaka kubwa kuliko ushahidi ni dhuluma kwa pande zote mbili, na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo kikatiba haiko chini ya polisi, ina wajibu wa kuyachuja kabla hayajasomwa. Wakili, na hata familia, mwaweza kuiandikia ofisi hiyo barua mkaomba shtaka litazamwe upya. Barua haina malipo.

Tuje kwa neno "ni kweli".

Kijana amelala seli, ananuka, ana njaa, na kuna mtu amemnong'oneza: "Kubali tu, utapewa faini, yaishe." Karani asoma shtaka, kijana asema ni kweli. Mtego uko hapo. Ukikiri mbele ya hakimu, huwezi tena kukata rufaa kusema hukutenda. Waweza kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu, nacho kifungu ni cha 348. Na rekodi hiyo itakusubiri siku utakayokwenda kuomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi ya bandarini au safari ya Dubai na Saudia. Twawajua vijana waliopata viza wakakosa cheti.

Kukiri nako kuna utaratibu wake, uliowekwa tangu kesi ya Adan mwaka 1973. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa. Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka asimulie yaliyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama masimulizi hayo ni ya kweli. Akisema "nilimpiga lakini yeye ndiye aliyeanza", hapo hajakiri, hakimu aandike kwamba amekana. Kujikinga ni utetezi, mradi nguvu iwe ya kiasi cha hatari iliyokuwapo. Mfundisheni mtoto wenu: kama hujazungumza na wakili, sema "si kweli", kaa chini. Hutaadhibiwa kwa kusema si kweli.

Na sulhu je? Hili laulizwa msikitini kila wiki. Familia mbili zakaa na imamu, yalipwa matibabu, watu wapeana mikono, halafu wasema kesi imekwisha. Haijakwisha. Kesi ya jinai si ya aliyepigwa, ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Wala Kadhi hawezi kuisikiza, Ibara ya 170 imempa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hali ya mtu, basi. Lakini sheria haikuifungia sulhu mlango. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai chairuhusu mahakama kuhimiza suluhu, pamoja na fidia, kwa shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi ambayo hayakufikia kiwango cha jinai kubwa wala kupita kiasi. Cha 250 kimo. Cha 251 nacho sheria yakiita kosa dogo, kwa hivyo mlango uko wazi. Cha 234 ni jinai kubwa, mlango wajifunga.

Mwaona sasa kwa nini twahangaika na nambari. Kuna kesi ya mwaka 2013 iliyojulikana sana, ya mauaji, ambapo Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shtaka liondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na fidia kutolewa. Wengi huitaja kama kwamba ni kanuni. Haikuwa kanuni, mahakama iliitazama kama kesi ya aina yake, na ombi lilipelekwa na mwendesha mashtaka mwenyewe. Mkipatana, andikeni, mtie sahihi mbele ya mashahidi, mumpe mwendesha mashtaka na hakimu. Msimfiche shahidi, msimwambie asije kortini. Hiyo yenyewe ni kosa jingine.

Kuhusu dhamana tutasema kwa ufupi. Polisi hawawezi kukuachilia wenyewe kwa wizi wa kimabavu, ndiyo maana zile elfu tatu za mama hazikuwa na kazi pale kituoni. Lakini kortini, tangu Katiba ya 2010, hakuna kosa lisilo na dhamana. Ibara ya 49 yasema uachiliwe kwa masharti ya kiasi isipokuwa kuwe na sababu nzito. Mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kama muda huo waishia nje ya saa za korti, basi siku ya kwanza ya kazi. Ndiyo sababu kushikwa Ijumaa jioni huku kwetu kuna ladha yake. Shida ya kisiwani ni nyingine: korti yataka hati ya ardhi, na sisi wengi wetu nyumba ni yetu, ardhi chini yake si yetu. Babu alijenga, alipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi mpaka leo. Mwambieni wakili alieleze hilo wazi, aombe dhamana ya pesa taslimu au mdhamini mwenye mshahara. Pesa hizo mwapewa risiti, na kesi ikiisha mwarudishiwa.

Kama kijana hajafika miaka 18, beba cheti cha kuzaliwa siku ya kwanza, usisubiri. Sheria ya Watoto ya 2022 yasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na mtoto hawekwi seli moja na watu wazima wala hahukumiwi kifo. Tumeona watoto wa miaka 16 walioandikwa 19 kwa sababu walikuwa warefu.

Na wewe uliyepigwa, ndugu, haki yako nayo ni ya karatasi. Nenda hospitali siku ileile, ripoti kituoni upewe nambari ya OB, chukua P3 na uijaze kabla jeraha halijapona. Fomu ya P3 haiuzwi. Shati lenye damu usilifue. Shimanzi magodauni mengi yana kamera getini, waambie polisi waombe picha mapema maana hufutika. Na useme kilichotokea, kisizidi wala kisipungue. Kama simu ilianguka, sema ilianguka.

Jumamosi hii baada ya Asri twakaa barzani kama kawaida, na wakili mmoja wa kujitolea atakuwepo. Mwenye mtoto aliye na kesi aje na nakala ya karatasi ya mashtaka, P3 kama ameipata, na tarehe ya kutajwa tena kwa kesi. Asiye na wakili kabisa kwenye kesi ya 296(2) aje mapema zaidi, kwa sababu Katiba yampa haki ya kuomba wakili wa serikali pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili, na ombi hilo lataka kuandikwa kabla ya shahidi wa kwanza kusimama. Mama wa mahamri atakuwepo pia. Sasa hivi nambari ya kifungu anaijua kwa moyo.